Razia Sultana na neno "zulum": maneno ya kina mama wa Kirohingya yalivyotoka kambini mpaka Baraza la Usalama

Naomba nianze na neno moja. Kina mama wa Kirohingya wakitaka kueleza walichofanyiwa na wanajeshi wa Myanmar, wengi hawasemi nilibakwa. Wanasema zulum. Au wanasema izzot yao imeondolewa, yaani heshima yao. Sisi waswahili tukisikia zulum hatuhitaji kamusi, ni dhuluma hiyo hiyo, Kiarabu kimetugawia wote, na hata huku kwetu mama hatamki neno lenyewe, atakwambia "walinifanyia ubaya", "walinidhulumu", "waliniharibu", alafu anaangalia chini, na wewe unayechukua maelezo kama huijui lugha ya watu utaandika "alidhulumiwa" na mwanasheria wa mbali akisoma atadhani kaporwa shamba. Kesi imekufa hapo hapo, na hakuna aliyejua kama imekufa.

Nalisema hili kwa uchungu maana niliwahi kufanya kazi ya usaidizi wa kisheria huko Kigoma, kuandika maelezo ya kina mama waliovuka kutoka Kongo na Burundi, na nimeona kwa macho yangu faili la mama mmoja limeandikwa "alipigwa" kwa sababu tu aliyemuuliza alikua kijana wa kiume na mkalimani alikua jirani wa mume wake. Ndo maana kisa cha Razia Sultana nimekifuatilia kwa miaka, na leo nataka nikichambue chote.

Razia ni mwanasheria na mwalimu, kazaliwa 1973 Maungdaw, kaskazini mwa jimbo la Rakhine huko Myanmar, kwenye familia ya Kirohingya, ila maisha yake karibu yote kaishi Bangladesh na ni raia wa Bangladesh. Tangu 2014 anafanya kazi na wanawake na wasichana wa Kirohingya, mambo ya ubakaji, majeraha ya moyo, usafirishaji wa wasichana. Kwaiyo kwa makaratasi yeye si mkimbizi kama wale wa kambini. Hilo lishike, nitalirudia, maana bila hilo kisa hiki hakieleweki.

Kwa asiyejua historia kwa ufupi tu: Warohingya ni Waislamu wa Rakhine, sheria ya uraia ya Myanmar ya 1982 iliwaacha nje, makabila 135 yanayotambuliwa wao hawamo, wanaitwa Wabengali wavamizi kwenye ardhi waliyozaliwa babu zao. 1978 walifukuzwa watu kama 200,000, wengi baadae wakarudishwa, 1991 na 1992 wakakimbia tena kama 250,000, 2012 yakatokea mauaji na kuchomewa nyumba pale Sittwe na kwingine, na maelfu kwa maelfu wakafungiwa kwenye kambi ndani ya nchi yao wenyewe. Yaani hakuna mtu mwenye haki ya kusema mwaka 2017 ulimshtua.

Sasa Oktoba 2016. Wapiganaji wa Kirohingya walivamia vituo vya polisi wa mpakani, jeshi likajibu kwa kuwashukia wanavijiji wa Maungdaw. Watu makumi ya maelfu wakavuka mto Naf kuingia Bangladesh. Razia akaenda kuongea na wanawake waliofika, wanawake 21, na mwanzoni mwa 2017 ikatoka ripoti yake ya kwanza kupitia shirika la habari la Kirohingya linaitwa Kaladan Press. Mule ndani kuna vijiji, kuna mpangilio wa matukio, kuna wanajeshi wanavyoingia, wanavyotenganisha wanaume na wanawake, wanachofanya baada ya hapo.

Serikali ilijibu nini? Ofisi ya Aung San Suu Kyi mwenyewe, mama wa tuzo ya Nobel aliyekua kiongozi wa serikali ya Myanmar wakati ule, ilikua imeshaweka kwenye kurasa zake mwishoni mwa 2016 maandishi makubwa yanayosema ubakaji wa uongo. Neno hilo hilo, uongo, kwa herufi kubwa. Dunia ikasoma pande zote mbili ikasema tusubiri uchunguzi.

Wakasubiri mpaka Agosti 25, 2017. Wapiganaji wakashambulia vituo tena, na safari hii jeshi lilikua limeshasogeza vikosi vyake kabla, divisheni ya 33 na ya 99, wanajeshi wanaojulikana kwa ukatili dhidi ya raia kwenye vita vingine vya ndani ya nchi ile. Ndani ya miezi michache wakavuka watu zaidi ya 700,000. Madaktari Wasio na Mipaka walikadiria kwamba mwezi wa kwanza peke yake waliuawa watu wasiopungua 6,700. Kijiji cha Tula Toli, Agosti 30, watu waliswagwa mpaka ufukweni mwa mto wamezungukwa na maji pande tatu, wanaume wakapigwa risasi pale mchangani, wanawake na watoto wakapelekwa majumbani kwa makundi, na nyumba zikachomwa na wao wakiwa ndani. Walionusurika ni wale waliotambaa kutoka kwenye moto.

Septemba ya mwaka ule waziri wa mambo ya mpaka wa Rakhine, Phone Tint, aliulizwa na waandishi wa BBC kuhusu ubakaji, akauliza ushahidi uko wapi, kisha akasema muwatazame hao wanawake wanaolalamika, kuna mtu angetaka kuwabaka hao? Mtu mzima, waziri, mbele ya waandishi. Na Novemba jeshi likatoa majibu ya uchunguzi wake lenyewe: hakuna raia aliyeuawa, hakuna mwanamke aliyebakwa, nyumba zilichomwa na magaidi.

Hapo ndipo kazi ya Razia inapopata uzito wake. Ushahidi uko wapi? Sawa, akaenda kuuchukua.

Fikiria mazingira. Vilima vya Kutupalong, kambi ya wakimbizi wilaya ya Cox's Bazar huko Bangladesh, vilivyokua msitu wa tembo, vimekwanguliwa, udongo mwekundu mtupu, vibanda vya mianzi na turubai vimebanana kiasi kwamba jirani akikohoa unamjibu pole. Hakuna mlango unaofungika. Mume yuko nje, mama mkwe yuko pale pale, watoto wa kibanda cha pili wanachungulia. Jamii yenyewe inashika stara, mwanamke akijulikana kaharibiwa mume anaweza kumuacha, binti hataolewa. Kila siku wanapita watu wa mashirika, waandishi, wapiga picha, kila mmoja na mkalimani wake wa Kichittagong, lugha ya jirani inayofanana na Kirohingya lakini si ile, na mkalimani mwenyewe mara nyingi mwanaume. Unamuuliza mama "ulibakwa?" Atasema hapana. Umemuuliza mbele za watu, kwa lugha ya kukodi, unategemea nini?

Razia anaingia mle kama mwanamke, mtu mzima, anajua lugha, anajua zulum maana yake nini ikisemwa na nani kwa sauti gani. Na hakwenda peke yake kwa kalamu tu, alikua na kundi la kina mama wa kujitolea wanaowapa wenzao ushauri nasaha, yaani mwanamke anayesimulia hakuachwa na jeraha wazi mgeni akaondoka na daftari. Kwangu hii ndo sababu ya kwanza kazi yake ilisimama.

Sababu ya pili ni maswali. Mwanaharakati wa kawaida, na sisi wengi tumo, anauliza "ulifanyiwa nini?" na akisikia machozi anaona amepata. Mwanasheria anauliza pia: walikua wangapi, walivaa nini, begani kulikua na alama gani, nani alikua anatoa amri, walikuja na gari au kwa miguu, walikukusanyeni wapi kwanza, shuleni au kwenye uwanja, ilikua saa ngapi, kijiji cha jirani kilifanyiwa lini. Maswali makavu, yanachosha, mama aliyeumia hayapendi, lakini ndo yanayotoka kwenye mikono ya mwanajeshi mmoja yakapanda mpaka kwa mkubwa wake.

Ripoti ya pili ilitoka Februari 2018, jina lake tukiliweka kwa Kiswahili ni Ubakaji kwa Amri. Hoja iko kwenye jina lenyewe. Ukisoma maelezo ya wanawake wa vijiji tofauti, watu ambao hawakuwahi kukutana, wamekimbia kwa njia tofauti siku tofauti, unakuta utaratibu ni ule ule, kukusanya, kuchambua wasichana, kuwatoa kwa makundi, kuwafanyia hadharani au kwa wanaume wengi kwa mpigo, kuchoma. Mwanajeshi mmoja mhuni anaweza kubaka. Vikosi vizima kufanya kitu kile kile kwa mtindo ule ule wilaya nzima, hiyo siyo tabia mbovu ya askari, hiyo ni kazi waliyotumwa.

Baadae tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa nayo ikasema 2018 kwamba asilimia kama 80 ya matukio ya ubakaji waliyoyathibitisha yalikua ya genge, na asilimia 82 ya hayo ya genge ni jeshi la Myanmar. Agosti 2019 wakatoa ripoti nyingine ya ukatili wa kingono peke yake, wakaeleza kwamba ubakaji ule ni moja ya mambo yanayoonyesha nia ya mauaji ya kimbari. Sisemi walinakili kwa Razia, wao walikua na mashahidi wao mamia. Nasema alifika kabla yao, na alichokiona kikathibitika.

Tarehe 16 Aprili 2018 New York, Baraza la Usalama lina mjadala wake wa kila mwaka kuhusu ukatili wa kingono kwenye vita, na Razia akaitwa kuzungumza. Aliwaambia kwamba anakotoka yeye wanawake wanabakwa, wanateswa na kuuawa kwa kosa la kuwa Warohingya tu. Akawapa hesabu zake: wanawake na wasichana zaidi ya 300, vijiji 17, na akawakumbusha kwamba vijiji vilivyoshambuliwa na kuchomwa ni zaidi ya 350, kwaiyo hiyo 300 ni sehemu ndogo tu. Akasema kuna mabinti wa miaka 6. Akawaambia wazi kwamba Baraza limewaangusha, kwamba dalili zilikuwepo tangu 2012 zikapuuzwa, na akataka suala lipelekwe Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Mwezi huo huo jeshi la Myanmar likaonekana kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya Katibu Mkuu ya majeshi yanayoshukiwa kufanya ukatili wa kingono vitani, na mwishoni mwa Aprili wajumbe wa Baraza wakaenda wenyewe Cox's Bazar kuona. Lakini kupeleka kesi mahakamani? Hapana. China na Urusi zina kura ya turufu na kila mtu pale mezani alijua.

Sasa turudi kwenye ule uraia wa Razia niliosema nitaurudia. Nani alikua na haki zaidi ya kukaa kwenye kile kiti, Razia au mama wa Tula Toli? Mama wa Tula Toli, bila ubishi. Lakini yule mama hana uraia wa nchi yoyote, hana hati ya kusafiria, haruhusiwi hata kutoka kambini kwenda mjini, kuna vizuizi vya polisi barabarani. Razia alikua na vitu vitatu ambavyo kuvikuta kwa mtu mmoja ni nadra: damu na lugha ya Kirohingya, shahada ya sheria, na uraia. Ukiondoa kimoja tu, zile 300 zinabaki kwenye kibanda. Watu wanamsifia kwa ujasiri, na ni kweli, 2019 Marekani ilimpa tuzo ya wanawake jasiri, ila mimi naona tusiishie kwenye ujasiri. Mle kambini wapo kina mama jasiri kumpita yeye na mimi, ila wao makaratasi wamenyimwa kwa makusudi tangu 1982 na matokeo yake ni kwamba hata kuja kulalamika lazima wapitie kwa mtu.

Na wao hawakukaa kusubiri. Kuna kundi linaitwa Shanti Mohila, maana yake wanawake wa amani, wakimbizi wenyewe, wengi hawajui kusoma wala kuandika. Kwa msaada wa wanasheria walipeleka maombi Mahakama ya Jinai kwa niaba ya wanawake na watoto karibu 400, wameweka alama za vidole gumba. Mwanamke asiyejua kuandika jina lake ametia kidole kwenye karatasi inayokwenda The Hague kumshtaki jenerali. Hiyo kwangu ni maandishi.

Na hapa kuna uzi unaopita kwetu Afrika Mashariki, siwezi kuuacha. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, pale Arusha, kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba. Mashtaka ya mwanzo hayakua na ubakaji kabisa. Siku moja shahidi mwanamke akiwa anaeleza mambo mengine akataja kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa. Kwenye benchi kulikua na jaji mmoja tu mwanamke, Navi Pillay wa Afrika Kusini, na yeye akamuuliza maswali zaidi pale ambapo mwingine angepita. 1997 hati ya mashtaka ikabadilishwa, na Septemba 2, 1998 Arusha ikatoa hukumu ya kwanza duniani kusema ubakaji unaweza kuwa kitendo cha mauaji ya kimbari.

Mahakama ile ile alifanya kazi kama mwendesha mashtaka kijana wa Gambia, Abubacarr Tambadou. Miaka ikapita, kawa waziri wa sheria wa nchi yake, 2018 akatembelea kambi za Cox's Bazar, akasikiliza, na alichosikia alikitambua maana alishakisikia kwa Wanyarwanda. Novemba 11, 2019 Gambia, nchi ndogo vile, ikaishtaki Myanmar Mahakama ya Haki ya Kimataifa, ile inayoamua kesi za nchi kwa nchi. Na jaji ambaye Gambia ilimteua akakae kwa kesi hiyo? Navi Pillay.

Desemba ile Aung San Suu Kyi akaenda mwenyewe The Hague kuitetea Myanmar. Hakuwataja Warohingya kwa jina lao isipokua kwenye jina la kile kikundi cha wapiganaji, na wakili mmoja wa Gambia akasimama akamkumbusha kwamba neno ubakaji halikupita midomoni mwake hata mara moja. Mle ukumbini kulikua na Warohingya waliosafiri kutoka kambini, wamekaa wanamsikiliza mama ambaye wakati akiwa kifungoni wao walimuombea dua. Januari 23, 2020 majaji wakaamuru Myanmar iwalinde Warohingya na isiharibu ushahidi.

Sasa upande unaonisumbua, kisheria. Myanmar si mwanachama wa Mahakama ya Jinai, ile inayoshtaki mtu mmoja mmoja, Bangladesh ni mwanachama. Ili kupata upenyo mahakama ikasema kosa lililoanzia Myanmar na kuishia Bangladesh tunaweza kulishika, yaani kufukuzwa kuvuka mpaka. Novemba 2024 mwendesha mashtaka akaomba hati ya kumkamata mkuu wa jeshi Min Aung Hlaing, na makosa aliyoyataja ni mawili, kuwahamisha watu kwa nguvu na kuwatesa kwa sababu ya kabila na dini yao. Ubakaji haukusimama kama kosa la peke yake. Utaingia kwa mlango wa hayo mawili, kama sababu ya watu kukimbia. Naelewa kwa nini, nisingefanya vingine kama ningekua mwanasheria wao, lakini fikiria wewe ndo yule mama uliyekaa na Razia ukalitamka lile neno kwa mara ya kwanza maishani mwako, alafu unaambiwa kosa lako linaitwa kuvushwa mpaka.

Argentina angalau ilikwenda moja kwa moja. Kule Warohingya walifungua kesi 2019 kwa kanuni kwamba makosa makubwa namna hii nchi yoyote inaweza kuyahukumu, wanawake wa kambini wakatoa ushahidi kwa video, 2023 manusura wakafika Buenos Aires ana kwa ana, na Februari 2025 jaji akatoa hati za kukamatwa. Hakuna aliyekamatwa.

Jambo moja ninalowakosoa watu wa kazi yetu, na Razia simlaumu peke yake: wale kina mama walihojiwa mno. Shirika hili leo, kesho mwandishi, keshokutwa mtafiti, mama yule yule mara tano mara sita, na kila mara anaanza upya kutoka kwenye kelele za asubuhi ile. Maelezo yakirudiwa sana yanatofautiana kidogo, na wakili wa jenerali ndo anachotafuta hicho. Mtu mmoja anayejua lugha, akirekodi vizuri mara moja kwa ridhaa, angewaokoa na mateso hayo.

Katikati ya 2018 kambini walikua wanazaliwa watoto kama 60 kwa siku. Baadhi yao mama zao walificha mimba chini ya nguo mpaka mwisho na wewe unajua kwa nini. Watoto wale hawana uraia wa Myanmar wala wa Bangladesh. Wamefikisha miaka 7 mwaka 2025, umri wa kuingia darasa la kwanza, na Juni ya mwaka huo huo UNICEF ikasimamisha chekechea na madarasa ya mwanzo kambini kwa kukosa pesa, walimu zaidi ya 1,000 wakaachishwa. Na Maungdaw, alikozaliwa Razia, vita vipya kati ya jeshi na waasi wa Arakan, jina la zamani la Rakhine, viliwasukuma wengine kama 150,000 kuvuka Naf kati ya mwanzoni mwa 2024 na katikati ya 2025, wamefika wamelowa, na kina mama wameanza tena kukaa kwenye mkeka na mtu mwenye daftari.